Majina ya tuzo yakitoka watu wanakasirika: haya maswali yenu, nayajibu

Kila mwaka majina ya Oscar yakitangazwa simu yangu haipumziki, watu wananitumia voisi za dakika nne wakilalamika fulani kanyimwa, fulani kapendelewa, na wengine wanauliza maswali mazuri sana ambayo siwezi kuyajibu moja moja. Nimechagua machache. Nayachukulia siriasi kwa sababu na mimi hasira hizo ninazo, ila nimejifunza kwamba hasira nyingi tunampigia mtu ambaye hayupo.

"Hivi hao majaji wa Oscar ni kina nani na wanakaa wapi kuamua? Mbona hatuwaoni?" (Msomaji wa Tabata)

Hamuwaoni kwa sababu hawapo. Oscar haina jopo la majaji, na hilo ndio jambo la kwanza ambalo natamani kila mtu alijue kabla hajaanza kugomba. Hakuna chumba, hakuna meza, hakuna wazee saba wanaokunywa kahawa na kusema "huyu tumkate". Kuna Akademi, chama cha watu wa filamu cha Marekani kinachotoa tuzo hizi, chenye wapiga kura kama 10,000, waigizaji, waongozaji, wahariri, watu wa sauti, watu wa mavazi, wamegawanyika kwa fani zao, na kwenye mchujo wa kwanza kwa sehemu kubwa kila fani inapendekeza watu wake. Waigizaji wanapendekeza waigizaji, wahariri wanapendekeza wahariri. Filamu bora ndio wote wanapiga.

Sasa hesabu yenyewe, hapa naomba mtulie kidogo maana ndipo siri ilipo. Mpiga kura anaandika majina kwa kuyapanga, wa kwanza, wa pili, wa tatu mpaka wa tano. Tuseme kura zilizorudi ni 600 na nafasi ni 5. Unagawa 600 kwa 6 unapata 100, unaongeza 1. Yeyote mwenye kura 101 za namba moja kaingia. Kwa nini 101? Kwa sababu watu watano wakiwa na 101 kila mmoja hizo ni 505, zimebaki 95, hakuna wa sita anayeweza kufika. Halafu mwenye kura chache kabisa za namba moja anatolewa na karatasi zake zinahamia kwa mtu aliyefuata kwenye kila karatasi, wanaendelea hivyo hivyo mpaka nafasi zijae.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ili uteuliwe huhitaji kupendwa na wote, unahitaji watu mia wanaokupenda kufa na kupona. Muigizaji ambaye kila mtu kamuweka namba nne, "yule naye alikuwa mzuri jamani", anaweza kukosa kabisa wakati watu 600 wote wanamkubali, karatasi zinahesabiwa na yeye anatolewa raundi za mwanzo. Hakuna aliyemchukia. Wamempenda nusu nusu tu, na mfumo huu haumlipi mtu wa kupendwa nusu nusu.

Na ajabu ni kwamba kwenye kura ya mwisho ya filamu bora mambo yanageuka. Pale unapanga zile filamu kumi zote, ya mwisho inatolewa, kura zinahamia, mpaka moja ivuke nusu. Hapo sasa filamu ambayo kila mtu kaiweka namba mbili au tatu inaweza kuishinda ile yenye mashabiki wakali na maadui wengi. Kwa hiyo mlango wa kuingilia unataka mapenzi makali, mlango wa ushindi unataka kukubalika na wengi. Ukishalielewa hili nusu ya maajabu ya kila mwaka yanaisha.

"Lupita alikatwa 2020 kwa ile filamu ya kutisha, na hapo utasema hesabu?" (Dada wa Kisumu)

Dada yangu, hapo hata mimi bado inaniuma. Kwenye Us alicheza watu wawili, mama na yule kivuli chake, sauti mbili, mwendo wa aina mbili, macho tofauti kabisa. Wakosoaji wa filamu wa New York walimpa muigizaji bora wa kike mwaka ule, chama cha waigizaji wa Marekani kikamteua, Oscar wakampita.

Hesabu inaeleza njia, haimsamehi mtu. Filamu za kutisha zina historia ndefu ya kupuuzwa na wapiga kura wa Oscar, wengi wanaziona ni burudani ya vijana, na ile ilitoka mwezi wa 3 wakati kura zinapigwa mwezi wa 1 mwaka unaofuata, ni miezi kumi ya kusahauliwa. Sasa weka juu yake suala la nani anapiga kura. Mwaka 2015 na 2016 nafasi zote 20 za waigizaji zilienda kwa weupe, miaka miwili mfululizo, na ile hashtegi ya #OscarsSoWhite iliyoanzishwa na April Reign mwaka 2015 ikavuma. Akademi ilishtuka, Januari 2016 ikaahidi kuongeza mara mbili idadi ya wanawake na watu wasio weupe miongoni mwa wanachama ifikapo 2020, na kweli ilialika watu wengi wapya, wengine wengi wakiwa nje ya Marekani. Kwa hiyo kelele ziliwahi kubadilisha kitu. Zilibadilisha kwa sababu zilielekezwa kwenye orodha ya wapiga kura, sio kwenye jaji wa kufikirika. Hapo ndipo ninapotaka hasira zetu ziende.

"Je, wanaangalia filamu zote kabla ya kupiga kura?" (Msomaji wa Dodoma)

Kwa miaka mingi hakukuwa na wa kuwabana, na wapiga kura kadhaa walikiri bila kutajwa majina kwamba kuna filamu hawakuzimaliza. Aprili 2025 Akademi ikatangaza kwamba kuanzia tuzo za 2026, kura ya mwisho ya kipengele unaipiga tu ukiwa umeangalia filamu zote zilizoteuliwa humo. Ila soma vizuri, ni kura ya mwisho. Kwenye mchujo wa kwanza, pale ambapo filamu ndogo zinafia, hilo sharti halipo kwa namna hiyo.

"Tanzania na Kenya tuna filamu nzuri, kwa nini hatufiki? Ni ubaguzi?" (Kaka wa Arusha)

Hili swali ndio nililolisubiri, na nitalijibu kwa urefu.

Kipengele chetu ni cha filamu za kimataifa. Pale kwa kawaida nchi ndio inaleta filamu, na inaleta MOJA tu, baada ya kuchaguliwa na kamati ya ndani ambayo Akademi imeikubali. Zinaingia filamu za nchi zaidi ya 80, zinachujwa kubaki 15, halafu 5. Kwa hiyo kabla ya Mmarekani yeyote hajakukata, watu wa kwanza wenye mamlaka ya kukukata wako Nairobi au Dar es Salaam. Watu hawalisemi hili. Tunatukana Hollywood kwa uamuzi ambao mara nyingi haujafika hata kwake.

Angalia Tanzania. Tulipeleka Maangamizi mwaka 2001. Halafu kimya. Filamu iliyofuata kupelekwa ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022, ile iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya 1950. Miaka 21 katikati! Kizazi kizima cha Bongo Movie kilizaliwa, kikakua, muigizaji wetu Kanumba akaja akatuachia pengo lake mwaka 2012, na kote huko hakuna hata filamu moja iliyoandikwa jina la Tanzania kwenye ile orodha. Huwezi kunyimwa ulichokuwa hujaomba.

Kenya walianza 2012 na Nairobi Half Life na wamekuwa wakipeleka mara kwa mara, nawapongeza kwa hilo kutoka moyoni. Ila na wao wana lao. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, ambayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, ilikuwa imefungiwa nyumbani. Kanuni ya Oscar wakati ule ilitaka filamu ioneshwe sinema za nchi yake siku saba mfululizo. Mwongozaji akaenda mahakama kuu, mahakama ikaondoa marufuku kwa siku saba tu mwezi wa 9, watu wakajaa ukumbini, siku saba zikaisha na marufuku ikarudi. Halafu kamati ikapeleka Supa Modo. Na Supa Modo ni filamu nzuri jamani, ya Likarion Wainaina, mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa na kijiji kizima kinamtengenezea filamu yake, mimi nililia. Ila unaona jinsi filamu inavyoweza kushindana na sheria za nchi yake kabla haijashindana na filamu nyingine.

Halafu pesa. Hata ukipelekwa, wapiga kura lazima wajue upo. Wenzetu wanakodi watu wa matangazo Los Angeles, wanafanya maonyesho ya kualika, chakula, maswali na mwongozaji, mabango barabarani. Kuiweka tu filamu kwenye mtandao maalum ambao wanachama wanaangalizia kuna ada ya maelfu ya dola kwa vipengele vya kawaida. Ile hesabu ya watu mia wanaokupenda kufa na kupona, watakupenda vipi kama hawajabonyeza filamu yako?

Kitu kimoja tunacho ambacho wengine hawana, lugha. Nigeria mwaka 2019 walipeleka filamu yao ya kwanza kabisa, Lionheart ya Genevieve Nnaji, ikatolewa kwa sababu karibu yote ni Kiingereza, Kiigbo kilikuwa dakika kama 11 tu, na kanuni inataka zaidi ya nusu ya maongezi yasiwe Kiingereza. Watu walikasirika, kwa haki kabisa, maana Kiingereza ndio lugha rasmi ya Nigeria waliyoachiwa na mkoloni. Sisi filamu zetu zinazungumza Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho bila kulazimisha. Waandishi wa skripti msikimbilie Kiingereza mkidhani ndio tiketi ya nje, kwenye kipengele hiki Kiingereza kinakufungia mlango.

Kwa hiyo ni ubaguzi? Kipo kiasi, sikatai. Ila ukitaka kuanza na kilicho karibu, uliza kamati ya nchi yako ina nani, imekaa lini, imeangalia filamu ngapi. Hayo majina yawe wazi kila mwaka.

"Watu Wote ilikuwa ya Kenya au ya Wajerumani?" (Msomaji wa Mombasa)

Ni filamu fupi ya wanafunzi wa Ujerumani, mwongozaji Katja Benrath, iliyopigwa Kenya na waigizaji wa huku, Kiswahili na Kisomali, kuhusu lile basi la Mandera lililovamiwa na Al-Shabaab Desemba 2015 ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Iliteuliwa 2018, haikushinda. Filamu fupi haziletwi na nchi, kwa hiyo bendera haihusiki, ila ile hadithi ni yetu na sauti ni zetu.

"Berlin 2024 Lupita alikuwa mwenyekiti wa majaji na ikashinda filamu ya Mwafrika. Si alipendelea?" (Msomaji wa Muscat)

Hapo sasa tuko kwenye majaji wa kweli, wa kuonekana. Jopo lile lilikuwa la watu saba, Lupita alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuliongoza, na Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha hilo la filamu la Berlin, akaenda kwa Dahomey ya Mati Diop, kuhusu vitu 26 vya kifalme ambavyo Ufaransa ilivirudisha Benin mwaka 2021. Wengine sita walikuwa Wazungu watano na Ann Hui wa Hong Kong. Mmoja hawezi kuwaburuza sita. Na miaka mingi majopo yameongozwa na Wazungu na washindi wakawa Wazungu, swali hili halikuulizwa. Nakuomba ulitafakari kidogo.

Mimi niliwahi kukaa kwenye jopo dogo la tamasha la filamu fupi, tulikuwa watano, filamu 23, siku mbili, projekta inayopata moto. Naweza kukuambia inavyokwenda. Wawili waliipenda sana filamu moja ya wavuvi yenye picha za kukufanya usahau kupumua, wawili wakasema sauti haisikiki na hiyo ni kazi mbovu, mimi nikawa katikati. Tulibishana mpaka saa tano usiku, chai ikapoa. Mwisho tuzo ikaenda kwa filamu ya tatu ambayo hakuna aliyeipenda kupita zote ila hakuna aliyeikataa. Niliinua mkono kuikubali. Ile ya wavuvi naikumbuka mpaka leo picha kwa picha, ile iliyoshinda siikumbuki mwisho wake, na kura yangu ingeweza kubadilisha. Jopo dogo liko hivyo, mtu mmoja aliyechoka ana uzito mkubwa kuliko wapiga kura elfu.

"Tuzo za kupiga kura kwa simu ni tuzo kweli?" (Mwanachuo, Morogoro)

Ni tuzo ya kupendwa, na kupendwa ni kitu kizuri. AMVCA, zile tuzo za Africa Magic, wamechanganya kwa muda mrefu, vipengele vingine watazamaji, vingine majaji, na 2016 tulifurahi Elizabeth Michael alipochukua filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu. Ninachotaka ni kimoja, kila kipengele kiandikwe wazi kimeamuliwa na nani. Tuzo nyingi za hapa nyumbani unapewa orodha ya wateule na hujui nani aliiandika, halafu watu wakisema kuna kujuana hakuna wa kuwajibu.

"Mimi ni kijana natengeneza filamu, nimeomba tamasha tatu zote zimenikataa. Niache?" (Kijana wa Mwanza)

Usiache mdogo wangu. Tatu ni chache sana. Kabla hujatuma tena fanya haya mawili: sauti, kaa na mtu wa sauti hata kama itabidi uuze kamera moja, umeona hapo juu kilichowapata wavuvi. Na maandishi ya tafsiri chini ya picha, mpe mtu anayejua Kiswahili chako cha huko Kanda ya Ziwa na Kiingereza vyote viwili, sio mashine peke yake, maana utani wako wote unafia pale. Peleka tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ukae Ngome Kongwe uangalie na watu usiowajua wanacheka wapi. Na hiyo filamu nitumie linki, naiangalia Jumapili hii.