Shule inadai barua ya daktari kwa mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) aliyekosa siku mbili kwa mafua

Mama mwenzetu wa Nakuru, pole kwa kuuguza. Kwa waliofika sasa hivi: mtoto wake alikaa nyumbani Jumatatu na Jumanne kwa mafua, Jumatano akarudishwa kutoka langoni mpaka alete barua ya daktari. Naona wengi wanamshauri apitie kliniki yoyote ya mtaani, atoe kitu kidogo, aandikiwe, yaishe.

Mimi nasema asiinunue. Daktari mwaminifu hawezi kuandika kwamba mtoto aliugua Jumatatu ikiwa amemwona Jumatano anarukaruka kwenye benchi. Ataandika alivyomkuta siku hiyo, basi. Akiandika zaidi ya hapo amedanganya, na jina la mtoto wako ndilo lililo kwenye huo uongo.

Niko Kisumu, Manyatta, na kitinda mimba wangu ana pumu, kwa hiyo haya mambo ya karatasi nimeyazoea. Huku kwetu kanda ya ziwa mtoto akichemka mwili hakuna kungoja kesho, unampeleka kupimwa malaria. Zahanati ya serikali haitozi ada ya kumwona daktari (ni afisa wa kliniki, lakini nani humwita hivyo?). Anadungwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kipimo cha haraka, na mkikaa kama robo saa jibu limetoka. Yote yanaandikwa kwenye daftari unalokuja nalo kutoka nyumbani: tarehe, jibu la kipimo, dawa alizopewa. Hapo ndipo pa kusema, kabla hujainuka kitini: "Daktari, naomba unigongee muhuri, na uandike apumzike hadi lini, ni ya shule." Ukirudi baada ya siku tatu kuuliza hilohilo utakuta mwingine yuko zamu, na hakukuona.

Kwa hiyo mtoto aliyepata joto kali, ushahidi unao tayari bila kuutafuta. Tatizo ni mafua ya kawaida, kamasi na kikohozi kidogo. Kumbeba mtoto wa miaka minne akakae kwenye foleni katikati ya watoto wagonjwa zaidi yake, eti tupate muhuri, ni kumtafutia ugonjwa wa pili. Na daktari anayeandika barua za mafua kuna mtoto mwenye nimonia anayemsubiri mlangoni.

Kwa mafua mimi huandika mwenyewe, kwenye karatasi ya daftari, naweka sahihi: "Mwalimu, mtoto hakuja Jumatatu na Jumanne kwa sababu ya mafua na kikohozi. Kikohozi kimepungua tangu jana asubuhi na amekula vizuri. Akizidiwa nipigie." Na asubuhi ya kwanza ya ugonjwa natuma ujumbe kabla kengele haijalia. Shule nyingi hukasirishwa na kimya cha mzazi kuliko hiyo karatasi yenyewe.

Lakini tusiwalaumu walimu kwa kila kitu. Tetekuwanga, macho mekundu, surua, hapo shule ina haki ya kuuliza kama mtoto yuko salama kwa wenzake. Tetekuwanga huambukiza mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, na darasa la PP1 hushirikiana kila kitu, hata biskuti iliyokwisha kutafunwa. Mtoto akikosa mara kwa mara pia, mwalimu asipouliza ndiye wa kutiliwa shaka.

Kwa wangu wa pumu nilimaliza ubishi kwa barua moja mwanzoni mwa mwaka kutoka kliniki anakohudhuria: ana ugonjwa huu, huenda akakosa shule baridi na vumbi vikizidi, akibanwa kifua apewe dawa yake ya kuvuta. Barua hiyo imenisaidia kuliko vyeti vyote vya siku mojamoja, maana sasa mwalimu anajua hata la kufanya akibanwa darasani.

Jambo moja lililonichoma. Mwalimu mmoja alipiga picha ukurasa wa daftari la mtoto akautupa kwenye WhatsApp ya wazazi wote, eti awaonyeshe mfano wa karatasi inayokubalika. Nilimwambia aifute papo hapo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Onyesha daftari, lisomwe, ulirudishe kwenye mkoba. Shule ikitaka karatasi ya kubaki nayo, omba inayotaja tarehe za kupumzika tu, bila jina la ugonjwa.

Sasa wewe mama wa Nakuru, kesho nenda kwa mwalimu mkuu mwenyewe, usibishane na bawabu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka achunguze kwa nini mtoto hakuja na aone kama sababu ni ya maana. Mpe maelezo yako kwa maandishi, umwulize kwa upole kama kanuni ya barua imeandikwa mahali na inaanzia siku ya ngapi. Shule ya pale juu kwetu ilipoulizwa hivyo na wazazi, ikakubali barua idaiwe kuanzia siku ya nne. Akikataa kabisa kumpokea mtoto, elimu ya awali iko chini ya kaunti, kwa hiyo lipeleke kwa afisa wa elimu ya chekechea wa kaunti, pamoja na nakala ya ile barua yako.