Dalali wa ng'ombe anaongea kama cherehani, usihangaike kuelewa kila neno

Mara ya kwanza kuingia mnada wa ng'ombe huko Marekani nilidhani jamaa anaimba afu maiki imeharibika, yaani Kiingereza nakijua lakini sikuambulia kitu. Pembeni yangu kuna mzee kavaa kofia pana, hasemi neno, anainua kidole kimoja tu, basi, ng'ombe wake.

Kosa langu nilitaka nielewe yote. Asee usijisumbue, mengi pale ni maneno ya kujazia, kazi yake ni kushika mdundo usikatike ili watu wasipate muda wa kusitasita. We sikiliza namba mbili tu, aliyokwisha kupewa na anayoitafuta. Akipokezanisha 250 na 252 maana yake 250 anayo mkononi, anaomba 252, na ukishalinasa hilo zile kelele zote zinatulia masikioni zenyewe.

Sasa mimi nilinasa namba nikasahau mizani 😂 Kaingia ndama mzuri, nasikia 250, nikajisemea dola 250 ndama mzima?? nikanyoosha mkono fasta. Kumbe wanauza kwa uzito, hiyo ni bei ya kila ratili 100, na ubao ulikuwa unaonyesha ratili 560, piga hesabu mwenyewe, dola 1,400 ambazo sina. Nilitokwa jasho mpaka mzee wa kofia aliponipita bei. Kwa hiyo macho kwenye ubao kwanza, mkono baadaye.

Na kama unatamani kunadi mwenyewe, spidi achana nayo kabisa mwanzoni. Kuna mashindano ya dunia ya madalali wa mifugo tangu 1963, na hata huko wanaangalia kama unasikika vizuri na kama unawaona wanaotoa bei, sio mbio tu. Mazoezi yenyewe ni kuhesabu, panda kwa mbili mbili, kwa tano tano, kwa mbili na nusu (hii inaua), afu ushuke vilevile bila kujikwaa. Wengine wakiwa barabarani wananadi nguzo za umeme, kila nguzo ikipita imeuzwa, anaanza nyingine. Nimejaribu, nguzo ya saba ulimi ukafunga fundo. Juzi nimefika ya 20, na safari hii namba zilikuwepo, kilichoisha ni pumzi.