Ukitajiwa tani za dinosaria, uliza kwanza mifupa mingapi imepatikana

Watu wakishajua unafuatilia mambo ya dinosaria hawakuachi, kila mara natumiwa picha WhatsApp, eti huyu ndo mkubwa kuliko wote, ni kweli? Mimi namba siangaliagi kwanza, nauliza wamepata mifupa gani.

Chukua mjusi wetu wa Tendaguru kule Lindi, yule Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, sasa kasimama Berlin, kimo mita 13 na ushee. Huyo ana mifupa mingi kweli, lakini hata yeye mkia ni wa mnyama mwingine na kuna pingili za mgongo zimefinyangwa tu. Haya, uzito? 1962 mtafiti wa dinosaria, Colbert, alichukua kisanamu cha mjusi huyo, akakifukia kwenye mchanga apime ujazo, akaja na tani 78. 2009 mtafiti mwingine, Taylor, akapiga hesabu zake akapata 23. Mjusi ni yuleyule jamani! Kisanamu kikiwa kibonge na tani zinakuwa za kibonge, maana mifupa haikwambii tumbo lilikuwa kubwa kiasi gani wala mifuko ya hewa ilijaa wapi. Ndo maana urefu naweza nikauamini amini, uzito ngumu, ukiongeza vipimo vyote, yaani urefu, upana na kimo, kwa asilimia 10 tu uzito unapanda kama asilimia 33.

Sasa hapo mifupa ipo. Kuna dinosaria mwingine wa Colorado, Marekani, mtafiti Cope alimtangaza 1878 kwa kipande cha pingili moja, kipande chenyewe kikapotea, umebaki mchoro na vipimo. 2006 mtafiti Carpenter akamlinganisha na Diplodocus, dinosaria mwenye shingo na mkia mrefu, akapata mita 58, halafu 2018 Carpenter huyohuyo akasema hapana, huyu ukoo wake mwingine, akamshusha mpaka kama mita 30. Kwa hiyo swali la pili uliza wamemfananisha na nani, na ukikuta habari imetaja namba moja kavu bila "kati ya hapa na hapa", usiisambaze kwanza.

Na Tendaguru ulitoka mfupa wa mguu wa mjusi mwingine wa aina hiyohiyo, mrefu kuliko wa yule aliyesimamishwa kwa kama asilimia 13. Tani zake unaweza kupiga mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, ila sijui utaanza na za Colbert au za Taylor.