Kiuno kinachouma ukisimama, kinachotulia ukikaa
Pole sana, ndugu. Umesema maumivu huzidi ukisimama sana au ukijipinda nyuma, hupungua ukikaa, na picha imeonyesha "viungo vimesagika". Kiunoni kuna pingili (mifupa ya uti wa mgongo) 5. Kila moja huungana na inayofuata kwa diski (kama mto laini kati ya mifupa) mbele na viungo viwili vidogo nyuma. Diski ikikauka na kupungua kimo, mzigo huhamia kwenye viungo hivyo: gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) hulika, mfupa huota vichomozo. Ukijipinda nyuma unavibana, ndiyo maana vinalalamika. Ila usitishwe na picha. Wengi wasioumwa chochote wanayo kama hiyo. Tembea kila siku, imarisha misuli ya tumbo na mgongo. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri au mkojo ukigoma, nenda hospitali leo leo.