Maswali Yenu ya Google Earth: Mbona Nyumba Yangu Haionekani?

Nimeyakusanya mliyonitumia, yote ni ya ile Google Earth Pro ya kwenye kompyuta, programu ya kuangalia dunia kwa picha zilizopigwa kutoka juu.

Hiyo Pro si ya kulipia jamani?

Ilikuwa, tena dola 399 kwa mwaka. Tangu Januari 2015 ni bure, danlodi tu uanze.

Nimejenga Chanika, nimeshapaua na kuhamia, ila nikicheki naona pori. Si picha za moja kwa moja hizi?

Hapana dada yangu. Wengi wanadhani setilaiti inatuangalia muda huu, kumbe zile ni picha zilizopigwa siku tofauti na setilaiti pamoja na ndege halafu zikaungwa, ndo maana unaweza kukuta upande huu wa mtaa ni mpya na ule wa zamani. Angalia chini ya skrini kuna tarehe, yako itakuwa ya kabla hujachimba msingi. Lakini usinune, maana utamu wenyewe ndo uko hapo: bonyeza ile alama ya saa kule juu, utatokea mstari wa miaka, uburute kurudi nyuma. Nenda Kurasini, Dar, uweke 2010, pale kwenye mkondo wa bahari ni maji matupu, halafu sogeza mbele taratibu mpaka daraja la Kigamboni litokee, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Mi hapo huwa nakaa hata nusu saa naangalia mabati yanavyoongezeka ng'ambo. Hilo pori lako lisevu kabisa, wanao watataka kuliona.

Kilimanjaro kwangu imelala bapa kama mkeka.

Unaitazama kutokea juu moja kwa moja. Washa tereni (ile inayoonyesha miinuko na mabonde) kwenye leya, yaani orodha ya vitu vya kuonyesha kwenye ramani, shika Shift huku unazungusha kigurudumu cha mausi, mlima utainuka. Ukipotea bonyeza R. Halafu panda mpaka kilele cha Kibo uangalie kreta, lile shimo la volkano, ni duara ndani ya duara na katikati kabisa kuna shimo la majivu, na barafu iliyobaki utaiona pembeni vipande vipande. Inauma kuona ilivyopungua.

Inakula bando?

Inakula sana. Ukiwa kwenye waifai pitia maeneo unayotaka kwa ukaribu, kompyuta inayatunza (unaweza kuweka mpaka GB 2), baadaye unayafungua hata bila neti.

Nimepima shamba la marehemu baba kwa rula ya humo Google Earth, imetoa ekari. Naweza kupeleka baraza la ardhi?

Pole sana kaka. Kwa kujua ukubwa wa kukadiria, sawa, kwa kugombea mpaka hapana. Jaribu hivi: weka pini kwenye kona ya nyumba halafu badilisha miaka, utaona nyumba inahama mita kadhaa na pini imebaki palepale. Nyumba haijahama, ni picha hazikulaliana sawasawa, na mita hizo hizo ndo mnazogombania na jirani. Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, picha za zamani mwonyeshe tu zimsaidie kujua ile miti ya mpakani ilikuwa wapi.