Mshipi mwembamba Ziwa Tanganyika: tafuta kwanza mshika kasia

Wanaonikuta Kibirizi, mwalo wa hapa Kigoma, na fimbo yangu nyembamba ya kuvulia huniuliza uzi unahimili kilo ngapi, chambo gani, rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi) nimenunua wapi. Mimi ningeanza na swali jingine: unakwenda na nani?

Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470 sehemu yake ya ndani kabisa, na hata huku kwetu Kigoma kuna kingo za mawe zinazozama ghafla. Ukisogea kidogo tu kutoka mwambani, kamba ya nanga haigusi chini. Boti haitatulia yenyewe, lazima mmoja aishike kwa kasia huku mwenzake akirusha. Wawili mkirusha kwa pamoja, upepo unawazungusha, mishipi inasokotana, na saa nzima inaishia kufumua mafundo.

Mimi na swahiba wangu, seremala wa mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, tunapokezana. Anayepata samaki anakabidhi fimbo na kushika kasia. Asiyepata naye ana kikomo cha muda, maana kuna watu wakishika fimbo hawaiachii mpaka jua lizame.

Kwa utaratibu huo uzi unaohimili kilo 4 unatosha. Maji ya Tanganyika ni maangavu mno, na uzi mnene unawashtua samaki hata kabla hawajakifikia chambo. Ukifunga ndoano, lowanisha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu likikazwa kavu uzi unaungua kwa msuguano na utakatikia hapohapo. Breki ya rili ilegeze mpaka uzi utoke ukiuvuta kwa mkono bila kutumia nguvu nyingi.

Halafu ngoja kuhe mnene, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, akamate. Huyu samaki akishtuka anakimbilia mawe, na uzi mwembamba ukigusa jiwe lenye makali, kwisha habari. Ukimvuta kwa ubabe unaukata mwenyewe. Anayeamua hapo ni wa kasia: aitoe boti kuelekea kwenye kina, taratibu, ili samaki avutwe mbali na mawe. "Toa nje, kaka, toa nje!" ndiyo mazungumzo yetu yote wakati huo. Swahiba wangu hana hata haja ya kumwona samaki. Anatazama uzi unakoelekea, anapiga kasia mara mbili upande wa kushoto, anaacha, anatazama tena. Mtu wa namna hiyo ni bora kuliko rili ya bei mbaya.

Ila ukiona kuhe wawili wamesimama juu ya mchanga, maji mafupi, na chini yao kundi la vifaranga, pita. Baba na mama wote wanalinda. Watakirukia chambo kwa hasira tu, na ukimwondoa mmoja, vifaranga wanaliwa.

Migebuka, samaki wawindaji wa maji ya wazi, ni mchezo mwingine, kwa sababu wao wanafuata dagaa. Nenda mwaloni alfajiri wavuvi wa dagaa wanaporudi na taa zao, uwasalimie vizuri, uwaulize usiku wamevua wapi. Wengi watakuambia, hasa wakikuona na fimbo moja badala ya wavu. Wakati wa mbalamwezi wengi wao wanapumzika, kwa hiyo hutapata wa kumuuliza. Kwa migebuka, kipande kidogo cha chuma kinachong'aa, chenye ndoano moja, kinafanya kazi nzuri.

Kabla ya yote pitia ofisi ya uvuvi, uulize kuhusu leseni na kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 upande wetu ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Na upepo wa kusini ukianza kuchora mistari myeupe majini, geuzeni hata kama samaki wanakula, kwa sababu boti ndogo na mawimbi ya Tanganyika havina urafiki.

Mambo ya pesa yazungumzeni nchi kavu. Sisi mafuta ya injini tunachanga nusu kwa nusu, samaki tunagawana sawa bila kujali nani kamtoa yupi, na kichwa cha kuhe mkubwa anachukua aliyekuwa kwenye kasia. Mke wake anakipika kwa mawese, na mimi bado sijaalikwa.