Punda na msokoto wa tumbo: maswali yenu

Swali (Chamwino): Shikamoo dokta. Punda wangu tangu jana hataki mabua, kasimama tu kichwa chini ila hagaagai. Nisubiri?

Jibu: Marahaba. Usisubiri. Farasi tumbo likimsokota utamwona anajitupa chini anagaagaa, punda yeye ananyamaza, na huo unyonge ndo dalili yenyewe, watu wanasema kachoka na madumu ya maji kumbe utumbo umeziba. Mfunue mdomo, fizi zikiwa nyekundu sana au zambarau hali ni mbaya. Afu shika mshipa chini ya taya uhesabu dakika nzima, punda mzima aliyetulia anakuwa kwenye 44 hivi, akizidi 60 piga simu kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kama ni mnene au ana mimba ndo kabisa, maana akikaa bila kula mafuta yanajaa kwenye damu, ini linaelemewa, anaweza kufa hata tumbo likiwa limefunguka.

Swali (Kondoa): Tumnyweshe mafuta ya kula kwa chupa ya soda?

Jibu: Jamani hapana! Yakikosea njia yanaingia kwenye mapafu. Daktari anapitisha mpira puani mpaka tumboni, na kwanza anaangalia kama kuna maji na gesi ya kutoa, kwa sababu hawa wanyama hawatapiki, tumbo likijaa linaweza kupasuka. Kukiwa hakuna kinachorudi ndo anamwekea maji yenye chumvi ya kulainisha kilichoziba. Sindano ya maumivu, kama fluniksini, kwa punda inaisha mwilini haraka kuliko kwa farasi, kwa hiyo akitulia endelea kumwangalia.

Swali (Dodoma mjini): Operesheni inawezekana?

Jibu: Inawezekana, ila wengi wanapona kwa dawa na maji. Kisu ni pale utumbo umejinyonga, maumivu yanarudi hata baada ya sindano, na hapo saa chache tu ndo zinaamua. Inataka nusu kaputi, chumba na timu, huku kwetu kuvipata ni kazi kwelikweli. Ikishindikana mwombe daktari amchome sindano ya kumpumzisha, yaani afe bila maumivu, kumwacha ateseke siku mbili si haki.

Swali (Bahi): Kwa nini wangu anaziba kila kiangazi?

Jibu: Maji kidogo na mabua makavu. Mnyweshe kabla hujambebesha. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini jalalani kamba na vifungashio bado vipo na punda anakula, usimwachie huko. Kama ni mzee, meno yakaguliwe kila mwaka, asiyeweza kutafuna mpe pumba uliyoiloweka.